Kiwiko cha Tembo

Rangi alianza kuogopa siku aliyokwenda benki kuchukua kadi mpya, akakuta foleni nzima imejikumbatia.

Joto lilikuwa la kukaanga, feni ya ukutani ilishakata roho zamani, na bado watu walikuwa ndani ya mikono mirefu, wamefunga vifungo mpaka mwisho. Mwanamke mmoja mbele yake alikuwa na blauzi ya mikono mifupi, masikini, huenda alitoka nyumbani mbio. Huyo alikuwa ameshika kiwiko cha kulia kwa kiganja cha kushoto na cha kushoto kwa kiganja cha kulia, kama mtu aliyetoka kuoga mtoni akakuta nguo hazipo. Karani alipomwambia asaini, alisaini mkono ukiwa umebanwa ubavuni, na sahihi ikatoka kama kuku amepita.

"Hii haifanani na ya kwenye kitambulisho, mama," karani akasema.

"Basi nitarudi kesho," mwanamke akajibu, na akatoka benki kinyumenyume, mgongo mbele, asije mtu akamwona kwa nyuma.

Juu ya kichwa cha karani kulikuwa na bango. Msichana wa katuni, macho makubwa kama visosi, pua nukta moja, nywele za buluu zinapepea hata pasipo na upepo. Ameinua mikono, na viwiko vyake ni laini kama yai lililomenywa. Chini yake herufi kubwa zinauliza: JE, NA WEWE UNA KIWIKO CHA TEMBO?

Bango lile alilichora Rangi. Na ule ugonjwa aliuzua Rangi, kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa mzima, hajalewa wala hajaumwa homa.

Alitazama viwiko vya karani. Havikuonekana. Karani alikuwa amevaa sweta.

Ilikuwaje? Rangi alikuwa mchoraji wa kampuni ya vipodozi. Kazi yake ilikuwa kuchora vibandiko vya chupa na makopo, na mabango ya barabarani. Jina la Rangi alipewa kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Aliishi na bibi yake mzaa mama na mdogo wake wa kike, msusi, ambaye kwa wepesi wa mikono watu walimwita Vidole. Wote watatu walikaa vyumba viwili vya ghorofa ya pili, na wote watatu walikuwa na ulevi mmoja: katuni za Kijapani, anime. Tuseme Bibi hakuwa mlevi hasa, alikuwa mlevi wa kuzisema.

"Huyu adui ana adabu kuliko nyinyi," Bibi alikuwa akisema, miguu juu ya kigoda. "Mwenzake anatangaza jina la ngumi nusu saa, upepo unavuma, milima inapasuka, na yeye kasimama tu anasubiri kama yuko zamu ya choo."

"Bibi, ndiyo kanuni. Huwezi kumpiga mtu anayetangaza."

"Haya. Na huyu binti, mbona hana pua? Kamasi anapengea wapi?"

Kwa mambo kama hayo, Rangi na wenzake wapenzi wa anime walianzisha kundi lao kwenye simu, wakaliita Zahanati. Sheria ya Zahanati ilikuwa moja: mtu akileta malalamiko, anajibiwa kitabibu, uso mkavu. Kucheka ni marufuku. Kusema "natania" ni marufuku zaidi. Anayevunja sheria hutozwa faini ya kupiga picha ameiga pozi la shujaa wa katuni, mbele za watu, mchana kweupe, tena dukani. Mmoja akiandika, "Nimejitazama kwenye kioo, macho yangu hayafiki kwenye mashavu," Daktari Mkuu, ambaye maishani ni fundi wa majokofu, humjibu: "Ni upungufu wa macho. Lia kwa kuinama mbele, yatashuka." Walishinda hivyo siku nzima, uso mkavu, tumbo linauma kwa kicheko kilichozuiwa.

Na ndivyo ulimi wa Rangi ulivyoharibika.

Kwa sababu siku moja Madamu, mkuu wa kampuni, aliwaita wote kwenye meza ndefu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayevaa hariri hata siku ya kuhama nyumba.

"Nataka sehemu mpya," akasema. "Uso tumeshauza. Shingo tumeuza. Kwapa tumeuza mpaka basi. Watu wameshajua wajipake nini na wapi, wametulia. Mimi watu wakitulia silali. Nani ana sehemu?"

Kimya. Mtu wa mauzo akajaribu kucha za miguu, akatazamwa mpaka akainama. Kimya kikazidi, kile cha kubana masikio, na Rangi, ambaye hakuweza kuvumilia kimya, akafungua mdomo.

"Viwiko," akasema, uso mkavu. "Watu wa kwenye katuni hawana mkunjo kwenye kiwiko. Mkono unapinda kama mpira wa bomba, laini mwanzo hadi mwisho. Sisi hapo tuna ngozi ya tembo. Hiyo ni dalili. Ikiachwa, inapanda mpaka begani."

Akanyamaza, akasubiri. Angekuwa Zahanati, angejibiwa mara moja: mgonjwa asikunje mkono, anywe chai kwa mrija mrefu. Hapa hakujibiwa. Madamu alipandisha mkono wa blauzi yake ya hariri, polepole, akaugeuza mkono, akatazama. Mtu wa mauzo naye akatazama wake. Kisha mwanasheria. Kisha yule dada wa chai aliyesimama mlangoni na trei. Halafu Rangi akasikia sauti ambayo hakuisahau tena: mikono ya mashati ikishushwa, mmoja baada ya mwingine, kuizunguka meza nzima.

Alitaka kusema natania. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Ulimi una mazoea yake, na wake ulishazoea kuogopa faini.

"Mpeni huyu bango," akasema Madamu.

Basi ikaja krimu. Fundi mchanganyaji aliichanganya kule nyuma akiwa amevaa glavu zinazofika kwapani, na Rangi alipopita mlangoni alipata harufu yake: juu yasmini, chini kitu kama betri iliyovuja. Kwenye pakiti maelezo yalikuwa mafupi. Paka. Funga kwa nailoni. Usikunje mkono.

Rangi alitoka benki bila kadi. Njiani alijikuta anahesabu mikono mirefu, akaacha kwa woga wa hesabu yenyewe. Muuza matunda amevaa koti. Watoto wa shule wamesimama kama askari, mikono imenyooka ubavuni. Mwalimu wao anawauliza swali, na hakuna hata mmoja anayenyoosha kidole.

Nyumbani alimkuta Bibi mezani, na Vidole mbele ya sahani yake, ndani ya sweta la sufu. Vidole alikuwa anakula kwa namna ya ajabu. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka kama upawa. Anachota mbali, halafu anapeleka mdomo kwenye kijiko badala ya kuleta kijiko mdomoni.

"Mtazame mwenzako," Bibi akasema. "Leo anakula kama lile roboti lenu la kwenye katuni. Nimemuuliza nimletee mafuta ya mashine, kanuna."

Rangi akakaa. Akavuta pumzi kuzungumza, na hapo ikampata. Yasmini. Na chini ya yasmini, ile nyingine.

"Vidole, vua sweta."

"Nasikia baridi."

"Baridi ipi? Hata mjusi ukutani anahema. Vua."

"Dada, niache."

"Umepaka kile kitu."

Vidole akaweka kijiko chini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na alipokasirika kidevu chake kilitetemeka kama cha mtoto mchanga.

"Wewe unakaa nyuma ya meza," akasema. "Mimi mteja wangu anakaa kwenye kiti, mimi nasimama nyuma yake, mikono juu, mchana kutwa. Mbele yake kioo. Anaangalia nini kwenye kioo? Viwiko vyangu. Juzi mmoja alifumba macho."

"Alikuwa anasinzia!"

"Alifumba, dada. Ninajua kusinzia na ninajua kufumba."

"Sikiliza, mdogo wangu. Huo ugonjwa haupo. Nimeutunga mimi. Nilikuwa nafanya mzaha wa Zahanati, wakaudaka. Tembo nimemtoa kichwani mwangu mwenyewe."

Vidole alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomwingiza Rangi baridi ya mgongo.

"Hukuutunga," akasema. "Ulikuwepo. Wewe uliuona tu kabla yetu."

Akaingia chumbani, akafunga mlango kwa mguu. Bibi akabaki na kijiko hewani.

"Mimi nina viwiko vya tembo na nyanya wa tembo," akasema, "na babu yenu alinioa kwa kupiga magoti chini. Hebu mwambie."

"Hasikii, Bibi."

"Basi waambie hao wenzenu wa kwenye simu. Si ndiko anakoshinda?"

Ilikuwa kweli. Vidole alikuwa Zahanati kama dada yake. Rangi akachukua simu, akaandika yote, bila utani, kuanzia meza ndefu mpaka glavu za kwapani. Akamalizia: "Hakuna ugonjwa wa kiwiko. Acheni kupaka. Mdogo wangu hawezi kukunja mkono. Naomba mniamini."

Jibu la Daktari Mkuu lilikuja kabla hajaweka simu chini. "Mgonjwa amefika hatua ya kukana. Aongezewe dozi."

"SITANII," akaandika Rangi.

"Anapiga kelele," akajibu mwingine. "Tembo amefika kooni."

"Aandikiwe mrija mrefu."

"Wauguzi, mshikeni."

Rangi akapiga simu. Fundi wa majokofu alipokea akiwa kazini, bisibisi mdomoni.

"Daktari, nisikilize. Nasema kweli."

Bisibisi ikadondoka, na yule bwana akacheka kicheko alichokizuia miaka.

"Rangi! Hata sauti inatetemeka! Umekaza uso mpaka kwenye simu. Utatuua, dada yangu. Faini nitalipa mimi, lakini hii nitawasimulia."

Na akawasimulia. Jioni ile maneno ya Rangi yalikuwa yametoka nje ya Zahanati, yanazunguka kwenye simu za watu asiowajua, na juu yake mtu ameweka lile bango. Mchoraji wa kiwiko cha tembo akana kiwiko chake! Watu walicheka sana. Na waliocheka, wengi wao, waliuliza inauzwa wapi.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwa Madamu. Ofisi ilikuwa na baridi ya jokofu. Madamu alikuwa amesimama dirishani, mikono imeshuka ubavuni.

"Madamu, iondoeni ile krimu. Mdogo wangu mkono umekakamaa."

"Kaa, Rangi."

"Siwezi kukaa."

"Kaa, nami nikae."

Madamu akaja kukaa. Alikaa vibaya, kama mwanasesere anayekalishwa na mtoto. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai, na ndani ya kikombe mrija. Mrija mrefu. Akainama, akanyonya chai, akainuka. Rangi alitazama ule mrija. Maneno ya mzaha wa Zahanati yalikuwa yamekaa pale mezani, yanatoa mvuke.

Halafu akauona mkono wa hariri. Pale kwenye kiwiko kulikuwa na doa bichi, la manjano, kubwa kama kifuniko cha chupa. Yasmini ilikuwa imejaa chumba kizima, na hakuwa ameigundua kwa sababu aliingia nayo puani kutoka nyumbani.

"Madamu," akanong'ona. "Wewe ulikuwepo. Kwenye ile meza ndefu. Unajua kabisa hakuna ugonjwa."

"Najua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyesaini bango litoke."

"Sasa kwa nini?"

Madamu aliutazama mkono wake kama mtu anayemtazama mgeni aliyekataa kuaga.

"Nimezaliwa na mikono hii," akasema, "na sikuwahi kuvitazama viwiko hata mara moja. Ni sehemu huioni, iko nyuma. Ulipozungumza, nikatazama. Tangu siku ile, Rangi, siwezi kuacha. Nikifumba macho naviona. Najua ni uongo, nimeulipia uchapishwe, na bado naviona." Akatabasamu, na tabasamu lake lilikuwa baya kuliko doa. "Ndiyo maana nakwambia una kipaji. Hebu nambie. Na magoti? Hao wa kwenye katuni, magoti yao yakoje?"

Rangi alijua yakoje. Alichora magoti yale tangu utotoni. Hayana mfupa, hayana rangi, ni mstari mmoja tu mwembamba, na wengine hata mstari hawana. Alisikia ulimi wake unaanza kujikunjua kujibu, wenyewe, uso mkavu. Akauuma. Akauuma kweli, mpaka chumvi ya damu ikamjaa kinywani. Akasimama, akatoka, na kwenye lifti yenye vioo pande zote alisimama macho kayakaza kwenye viatu vyake. Aliogopa viwiko vyake mwenyewe. Kwamba viko nyuma yake, na vioo vinavitazama.

Simu ikalia kabla lifti haijafika chini. Mwenye saluni.

"Njoo umchukue mdogo wako. Upesi. Ana mteja kichwa nusu."

Saluni ilikuwa imetulia kama msibani. Kwenye kiti alikaa mama mmoja, upande mmoja wa kichwa umesukwa vizuri, upande wa pili nywele zimesimama kama zimeona jambazi. Analia, na mwenyewe haumwi popote. Nyuma yake alisimama Vidole. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka mbele yake kama fimbo ya kipofu, na vidole vile vyepesi, mashuhuri, vilikuwa vimevimba na vimetulia. Uso ulikuwa wa majivu.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "haurudi. Nauambia urudi, haurudi."

Sweta lilikuwa limegandia. Hospitalini daktari, safari hii daktari wa kweli, alilikata kwa mkasi, akamwaga maji, akasubiri, akakata tena. Chini ya sweta nailoni. Chini ya nailoni tabaka jingine la nailoni, kwa sababu Vidole hakuwa akitoa la zamani. Daktari alipofika chini kabisa Rangi alitazama mara moja, kisha akautazama ukuta, na ukuta ulikuwa na ufa unaofanana na mkono.

"Ameungua," daktari akasema, "na chini yake kuna usaha. Tunaanza dawa za mshipa sasa hivi. Tusubiri zishike."

"Na zisiposhika?"

"Tutazungumza."

"Tutazungumza nini, daktari?"

"Zisiposhika, ndiyo tutazungumza."

Kungoja ni kubaya. Bibi alileta shuka na maneno yake yote, lakini maneno hayakutoka. Alikaa tu kwenye benchi, anamtazama mjukuu wake, na kila muuguzi aliyepita na trei yenye vyuma Bibi alijiinua nusu, kama wa kumzuia njia. Rangi alikuwa akijiuliza jambo moja, mbele na nyuma, mbele na nyuma: mkono wa msusi ukikatwa, unakatwa na nani? Na jibu lilikuwa linakaa pale pale kwenye benchi, limevaa viatu vyake.

Dawa zikashika. Uvimbe ukashuka, homa ikatoka, na ngozi mpya ikaanza kujivuta juu ya kiwiko. Siku bandeji ilipofunguliwa muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alifurahi mpaka akapiga makofi.

"Imefunga! Haya mwanangu, sasa kunja."

Vidole hakukunja. Aliuinua mkono ule umenyooka, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ngozi ilikuwa ya waridi, imekazwa, inang'aa. Laini kama yai lililomenywa.

"Dada," akasema. "Tazama. Hakuna hata mstari."

Hofu iliyomshika Rangi hapo ilipita zile zote za nyuma. Ile ya usaha ilikuwa na dawa.

"Sikia, binti," muuguzi akasema, safari hii taratibu. "Ngozi mpya inakauka jinsi ilivyowekwa. Ukiiacha imenyooka, itakaza imenyooka, na itabaki hivyo. Hutasuka tena, hata mdoli hutamsuka. Unatakiwa kuukunja leo, kesho na kila siku. Utauma. Utapasuka kidogo. Ndiyo kupona kwenyewe."

"Ukipasuka utaweka mikunjo."

"Si lazima uweke mikunjo? Sasa utapindia wapi?"

"Basi sikunji."

Muuguzi alibembeleza, akakaripia, akaenda kwa wagonjwa wengine. Mkono wa kushoto wa Vidole ulikuwa na sindano ya dripu, umefungwa kwenye kibao. Wa kulia ulilala juu ya shuka kama kitu cha dukani.

Rangi akajaribu jambo la mwisho alilolijua. Akasimama katikati ya wodi, kati ya vitanda, akatanua miguu. Walipokuwa wadogo walikuwa na mchezo wao, wakiiga mashujaa wote kwa pamoja. Mmoja anatangaza pigo, mwingine lazima ajibu kwa kukunja mkono mbele ya uso, ngumi angani. Hakuna aliyewahi kutojibu.

"NGUMI!" akapiga kelele, sauti ikapasuka. "NGUMI YA NYOTA! ILIYOLALA! CHINI YA BAHARI! MIAKA ELFU! NA SASA! IMEAMKA! NA HAIJANYWA CHAI!"

Wodi nzima ikageuka. Mgonjwa mmoja akavuta shuka mpaka puani. Rangi akabaki pale, mkono mbele ya uso, jasho linamtiririka, anasubiri kama adui mwenye adabu.

Vidole alicheka. Alicheka kweli, mpaka machozi, kwa mara ya kwanza tangu saluni. Lakini mkono haukutoka kwenye shuka.

"Umezeeka, dada," akasema. "Pozi limepinda."

Rangi akarudi kwenye benchi. Akakaa kando ya Bibi, na Bibi alikuwa amekaa upande wa kulia wa kitanda, karibu kabisa, gauni lake la nyumbani limefika magotini, miguu juu ya kigoda alichokipora kwa jirani. Simu ya Rangi ikatetemeka mfukoni. Akaitoa, akasoma, akaiweka kifudifudi mapajani.

"Nani?" Bibi akauliza.

"Madamu."

"Anataka nini huyo? Anakuja kuona alichokifanya?"

"Hapana. Anauliza tena kuhusu magoti." Alisema kwa uchovu, bila kufikiri. "Anataka nimwambie yana kasoro gani."

Bibi hakujibu. Hilo peke yake lilikuwa la ajabu, maana Bibi hakuwahi kuachia neno lipite bila kulipiga teke. Rangi akageuka. Bibi alikuwa anatazama magoti yake. Yalikuwa magoti ya kawaida ya mwanamke aliyefua, aliyepanda ngazi, aliyelea watoto wa mwanawe. Meusi katikati, makunyanzi pembeni. Aliyatazama kwa muda mrefu, kichwa kimeinama, kama aliyeonyeshwa watu wawili asiowajua. Kisha akashika upindo wa gauni kwa ncha za vidole, akalivuta. Polepole, likashuka, likayafunika.

Rangi akahisi nywele zinasimama mpaka za mikononi. Akafungua mdomo kusema, "Bibi, hapana," lakini Vidole alimwahi.

Vidole aliona. Alikuwa amelala ubavu, uso kwa bibi yake, kicheko kingali kwenye mashavu, na kicheko kile kikafa hapo hapo.

"Bibi," akasema. "Unafanya nini?"

"Nasikia baridi."

"Baridi ipi?"

Bibi akazidi kulivuta gauni. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Bibi, funua."

"Niache, mjukuu wangu. Nimechoka kuyabeba hadharani."

"Funua magoti, Bibi!"

Na mkono wa kulia ukatoka kwenye shuka. Ukaenda umenyooka, ukashika upindo wa gauni, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu mtu hawezi kuvuta kitu kuja kwake kwa mkono ulionyooka. Vidole akavuta. Bibi akashikilia upande wake, mshiko wa mwanamke aliyekamua nguo maisha yake yote. Vidole akavuta tena, akapiga ukelele uliomleta muuguzi mbio na trei, na kiwiko kikapinda. Kidogo. Kikapinda tena. Ile ngozi ya waridi ikajikunja, ikafanya mstari mmoja, na kwenye mstari ikatoka damu nyembamba kama uzi wa kushonea.

Gauni likapanda. Magoti mawili yakatokea.

"Yaache hapo," Vidole akasema, analia, meno yamebana. "Yaache hapo hapo, Bibi. Ukiyafunika na mimi navuta tena."

"Usimwachie!" muuguzi akapaza sauti, ameshaelewa. "Vuta, mwanangu! Rudia!"

Bibi akayatazama magoti yake, akamtazama mjukuu wake, akautazama ule mstari wenye damu. Akaupeleka mkono kwenye upindo, akalishusha gauni tena, kidogo tu, kwa ncha za vidole. Vidole akaguna, akavuta.

Rangi alitafuta usoni mwa Bibi kama ulikuwa utani. Aliujua uso ule kuliko uso wowote, alijua kope inavyocheza kabla ya kichekesho, shavu linavyonywea. Hakuona kitu. Uso ulikuwa mkavu kabisa. Akataka kuuliza, na akaogopa jibu.

Akaichukua simu mapajani, akaizima. Halafu akapandisha mikono ya blauzi yake mpaka juu ya viwiko, akaja upande wa pili wa kitanda, akamshika mdogo wake begani ili apate nguvu ya kuvuta.